Shahidi wa Mashariki

Idarani, 12 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kivulini na magoti yanakutii. Mimi sijambo, ila ngazi za jengo hili zitanimaliza kabla ya masomo. Simu najua huitaki, unasema inakula maneno, basi vumilia mwandiko wangu wa kuku.

Kwanza uchekeshwe. Kile choo cha wanawake ulichokipigania mpaka ukastaafu, walikijenga kweli. Kina mlango, kina picha ya mwanamke mlangoni, na ndani wamejaza maboksi ya vioo vya picha, vile mlivyopigia picha za nyota kwa darubini ya zamani. Wanawake wa uzamivu ni wawili tu, mimi na Mrefu, mwenzangu ninayekaa naye meza moja, na bado tunatembea mpaka maktaba kama ulivyokuwa ukitembea wewe. Mrefu anasema tukihitimu watupe na shahada ya riadha.

Sasa jambo lenyewe. Makala yangu imekubaliwa na jarida! Kigeugeu, nyota yetu ile inayopungua na kuongezeka mwanga, nimemkuta na mdundo mwingine wa polepole, wa majuma mengi, ambao hajawahi kuuona mtu. Msimamizi wangu aliniuliza nina hakika gani na jirani ninayempimia, maana anga huwa na vumbi na unyevu, na bila nyota jirani isiyobadilika huwezi kujua aliyefifia ni Kigeugeu au ni hewa. Nikamwambia Kigeugeu ana majirani wawili wenye mwanga wa kutosha, mmoja mashariki na mmoja magharibi, na shangazi yangu aliniandikia siku naanza kwamba shahidi, yule jirani asiyebadilika, ni wa mashariki, kwa kuwa yeye alimpima miaka yote aliyofundisha hapa. Akasema, "Kama ni Mama Takriban, basi." Walikubandika jina hilo kwa kejeli, kwa kuwa hukutaja namba bila kutaja na kiasi inachoweza kukosea, lakini leo linafunga mdomo wa mtu.

Mwezi ujao baba anatimiza miaka mitatu tangu tumzike. Magoti yakikuruhusu, nenda ukamng'olee magugu, umwambie binti yake anatoka kwenye jarida.

Ni mimi,
Bi Kwanini wako

*

Nyumbani, 9 Februari

Bi Kwanini,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Magoti yangu hayamtii mtu. Yamekuwa kama baadhi ya wahadhiri wenzangu wa zamani, yanakuja kazini kupiga kelele tu. Nimepaka geti rangi ya kijani. Mshonaji wa nyumba ya pili anasema linafanana na duka la dawa. Wivu tu.

Kaburini nilikwenda, mshonaji akanishika mkono. Magugu tumeng'oa. Nilimwambia kaka yangu habari zako zote, na kwa mara ya kwanza maishani hakunibishia.

Habari ya choo nimeicheka mpaka nikakohoa, halafu nikanuna siku nzima. Nilikwenda vikao chungu nzima kwa ajili ya mlango ule. Mkuu wa idara, wakati huo akiwa kijana mwenye suruali ya kukopa, aliniuliza mbele ya watu kama nyota zinaonekana vizuri zaidi kutoka chooni. Walicheka wote. Mimi nilisubiri wamalize, nikaendelea na ajenda. Hiyo ndiyo silaha ya pekee niliyokuwa nayo, mwanangu: kuendelea na ajenda na kutokosea hesabu.

Kwa hiyo mdundo wako umenipa raha ambayo siwezi kuieleza. Miaka yote nilimpima Kigeugeu na sikuuona. Najiuliza nilikuwa nikitazama wapi. Kupitwa kunauma, lakini kupitwa na mtoto uliyemfundisha kushika kalamu ni uchungu wenye sukari.

Kula vizuri. Na darasani usiwaachie wakufanye mtu wa kugawa karatasi. Ukigawa mara moja, utagawa mpaka ustaafu.

Shangazi

*

Idarani, 20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Unisamehe kwa ukimya. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nahesabu.

Makala imetoka. Mkuu wa idara ameibandika kwenye ubao karibu na lango, na wasichana wa mwaka wa kwanza wamepiga nayo picha. Mmoja alinisimamisha koridoni akaniuliza kama ni kweli mwanamke anaweza kukaa hapa mpaka mwisho. Nikamwambia anaweza. Nililitamka bila kiasi cha kukosea.

Sasa nikuulize, na usinicheke. Tumefungiwa kamera mpya yenye upeo mpana. Inamnasa na jirani wa tatu, hafifu, ambaye zamani hakuonekana. Kwa kujifurahisha tu nikampima Shahidi kwa huyo wa tatu. Shangazi, Shahidi anatikisika. Anashuka kidogo kidogo kwa majuma, kisha anapanda. Nimerudia na kurudia. Nimeilaumu kamera, nimelaumu vumbi, nimejilaumu mimi.

Ukitumia jiwe la mizani linalopungua uzito, kila unachopima kitaonekana kinanenepa. Nina hofu kwamba mdundo niliouona kwa Kigeugeu ni wa Shahidi.

Naomba unikumbushe: kwa nini ulimkataa jirani wa magharibi? Lazima ulikuwa na sababu. Nijibu upesi, tafadhali. Jopo la shahada linakaa mwishoni mwa Juni, na usingizi wangu umeshanikimbia kabla halijakaa.

Bi Kwanini

*

Nyumbani, 25 Aprili

Bi Kwanini,

Marahaba. Barua yako niliiweka mahali pazuri mno, ndiyo maana majibu yamechelewa. Mshonaji ndiye aliyeiona, ndani ya kopo la sukari.

Habari kubwa ya hapa: nimepaka geti rangi ya kijani. Mshonaji wa nyumba ya pili anasema linafanana na duka la dawa. Wivu tu.

Baba yako anakusalimu. Ana kikohozi chake kile cha asubuhi, na hataki kusikia habari ya daktari. Anasema uache kusoma kwenye mwanga hafifu, macho hayana duka. Nimemwambia akuandikie mwenyewe, lakini unamjua kwa uvivu.

Unaniuliza kuhusu jirani wa magharibi. Kuna mambo mtu anayajua kama anavyoijua njia ya kwenda jikoni kwake. Anakwenda, basi. Ukimsimamisha ukamwuliza anageuka kulia au kushoto, atabaki kasimama pale pale na chombo mkononi. Usinisimamishe, mwanangu. Nimechoka kusimamishwa. Hata mshonaji siku hizi ananiuliza maswali ya ajabu, leo siku gani, mwezi gani, kama vile ananisahihishia mtihani.

Shahidi ni wa mashariki. Nilishakuambia wa mashariki.

Shangazi

*

Idarani, 4 Mei
(haikutumwa)

Shangazi,

Shikamoo. Hii siitumi. Naiandika kwa kuwa hapa duniani nina mtu mmoja wa kumweleza mambo kama haya, na ndiye huyo huyo nisiyeweza kumweleza.

Nimevifungua vioo vya picha. Vilikuwa kwenye maboksi ya chooni, nimekuwa nikivipita kila siku nikienda maktaba na kuvilaani. Mrefu alinisaidia kuvitoa. Tuliviinua kimoja kimoja dirishani mchana kweupe, kwenye mwanga wa jua. Kila kimoja kina duara dogo la wino kuzunguka nyota moja, kwa mkono wako, na pembeni umeandika "shahidi".

Ni wa magharibi. Vyote. Hakuna hata kimoja chenye duara mashariki.

Nilitaka sana iwe ni kioo kimegeuzwa. Unajua jinsi picha ya darubini inavyopinduka, kushoto kukawa kulia, na wanafunzi wote hukosea hapo. Lakini kwenye kila kioo umechora mshale wa kaskazini. Uliniambia tangu nikiwa mdogo, hata kwenye michoro ya nyumba na mti: kwanza kaskazini, ndipo uchore. Mshale wako umeninyima hata udhuru huo.

Kwa hiyo siku ile ulipoketi kuniandikia kwamba shahidi ni wa mashariki, ulikuwa umeshaanza kupotea, na mimi sikuona. Nilisoma maneno yako nikayachukua kama yalivyo. Nyota nilizipima kila kukicha. Wewe sikukupima hata mara moja.

Na baba alikufa, shangazi. Wewe ndiye uliyemfumba macho.

Nimewaambia jarida waiondoe makala. Jopo wanataka maelezo ya maandishi: nani alimchagua shahidi, na kwa msingi gani. Msimamizi wangu aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Andika ukweli. Andika kwamba mtaalamu aliyestaafu alikushauri. Watakuonya, watakupa mwaka mwingine, utarudia vipimo." Nikamwuliza, na nikiandika kwamba nilichagua mwenyewe? Akasema, "Hapo watasema umechapisha bila kuhakiki. Utapoteza nafasi. Nami sitaweza kukutetea." Akavua miwani akaanza kuifuta, na haikuwa chafu.

Nimezunguka na jambo hili mpaka kichwa kinauma. Nikiandika jina lako, litasomwa kwa sauti kwenye kikao, na atakayelisoma ni mkuu wa idara, yule wa suruali ya kukopa. Hatasema umezeeka. Atasema, kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Kazi yako yote itakuwa takriban. Halafu yule msichana wa mwaka wa kwanza atahadithiwa, na atakayefuata atahadithiwa.

Nimeandika kwamba nilimchagua mwenyewe. Nimetia saini. Nina hasira, shangazi, na sijui nimkasirikie nani. Ungekuwa mzembe ningekukasirikia wewe.

*

Idarani, 5 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimefurahia habari za nyumbani, zote. Geti la kijani nina hamu nalo kweli.

Suala la Shahidi lisikuumize kichwa, tumelimaliza. Kamera mpya zina mambo yake.

Nimepewa likizo. Nitakuja mwanzoni mwa Julai, nikae nawe muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mwambie mshonaji aniandalie kipimo cha gauni, nimepungua.

Wasalimie wote.

Bi Kwanini

*

Nyumbani, 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Leo ni siku yangu nzuri, kwa hiyo naandika mbio kabla haijanikimbia.

Njia ya mwongo ni fupi. Idara ile haitoi likizo. Nilipomzika mama yangu walinitaka darasani siku ya pili, na nilikwenda na udongo kwenye viatu. Leo wewe unapewa likizo kuelekea kikao cha jopo? Na neno "tumelimaliza" silipendi. Mtu aliyemaliza jambo huleta namba.

Nitakwambia ninachokijua, kisha na wewe utaniambia unachokijua. Mshonaji ameniketisha chini. Anasema barua yangu ya Aprili nilimpa aifunge, akaisoma kidogo bila kukusudia, akakuta nimemwandika kaka yangu kana kwamba yuko sebuleni anakohoa. Sikumbuki kuandika hivyo. Nimeunguza sufuria mbili, nazo sizikumbuki. Kuna asubuhi natoka chumbani naikuta nyumba yangu imenigeukia, milango imehama. Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuogopa giza, kazi yangu ilikuwa humo, lakini hili naliogopa.

Shahidi wangu alikuwa wa magharibi. Leo nalijua hilo kama jina langu. Wa mashariki nilimkataa tangu mwanzo kwa kuwa anapumua, taratibu sana, na ukizembea hutamwona.

Sasa swali, na nakuuliza kama mwenzangu wa kazi, si kama mtoto niliyemlea. Barua niliyokuandikia ulipoanza unayo. Niliandika yupi? Nipe jibu lilivyo, usinionee huruma. Kama niliandika wa mashariki, kosa ni langu, na nitawaandikia jopo kwa mkono wangu mwenyewe wakuache uendelee. Bado kuna muda, na mkono bado unanitii. Lakini nijibu haraka, sijui siku nzuri zimebaki ngapi.

Shangazi yako

*

Idarani, 11 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mezani, Mrefu akiwa kando yangu. Nilimpa naye aisome. Aliirudisha, akachukua mkoba wake akaenda maktaba.

Uliniambia nikupe jibu lilivyo. Barua yako ya mwanzo ninayo hapa mbele yangu, nimeifungua nimeinyoosha. Uliandika wa magharibi. Umeandika wazi, na chini yake umepiga mstari, na umechora mshale wa kaskazini kama kawaida yako. Ni mimi niliyesoma haraka. Nilikuwa na pupa ya kuanza, nikashika wa mashariki, na baadaye nikawa nakutajia wa mashariki katika kila barua mpaka na wewe ukaniitikia. Kosa ni langu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Ulinifundisha nisiandike jibu bila kiasi linachoweza kukosea. Hili halina.

Usiwaandikie jopo. Hakuna cha kuwaandikia. Nimeshawaeleza kila kitu na wamenielewa.

Nakuja, shangazi. Tutashinda pamoja. Sufuria tutanunua nyingine.

Bi Kwanini

*

Nyumbani, 30 Juni

Bi Kwanini,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaisoma tena, nikampa mshonaji anisomee nihakikishe. Kwanza nilimshukuru Mungu. Sikuona haya, nililia mbele ya mshonaji na vitambaa vya watu. Nilidhani nimekuharibia maisha kwa mkono wangu, na kumbe mkono wangu haukukosea.

Nilipomaliza kulia nilikasirika, na hasira hiyo ni yako yote.

Mtu anaambiwa magharibi, anapigiwa na mstari, anachorewa na mshale, kisha anakwenda mashariki! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mpo wanawake wawili idara nzima, na mmoja hajui kusoma barua? Mimi walinicheka kwa kutaja makosa yangu kabla wao hawajayaona. Wewe umewaletea kosa la bure, limefungwa na utepe. Yule wa suruali ya kukopa hatalala kwa furaha. Nilikaa pale miaka yote nikimeza maneno ili atakayekuja nyuma yangu aukute mlango uko wazi, na aliyekuja ni wewe, na umejikwaa kizingitini kwa sababu ya pupa. Sikutegemea kwako. Ningetegemea kwa mwingine yeyote, kwako sikutegemea. Nimekuonea aibu, na neno hilo sijapata kukwambia tangu uzaliwe.

Basi, nimesema. Sitarudia, na wewe usiniletee machozi mlangoni.

Njoo. Mtu haachwi njiani kwa kosa la kipimo. Tutaanza upya, mimi na wewe, kwenye meza ya jikoni. Kwanza kaskazini, ndipo tuchore. Nyumba utaijua kwa geti, maana nimelipaka rangi ya kijani. Mshonaji wa nyumba ya pili anasema linafanana na duka la dawa. Wivu tu.

Mizigo usihangaike nayo, shuka nayo tu. Baba yako atakuja kukupokea stendi. Nimemwambia asikugombeze, kukugombeza nimeshamaliza mimi.

Shangazi yako